Geresom Kirunda na Majina ya Mkesha

Mchungaji, maafande mliokuja na sare zenu, majirani wa Namatala na ninyi wenyeji wa hapa Bugembe mnaoshangaa kwa nini mama mkwe ndiye anayesoma, tena kutoka nyuma ya turubai, shangaeni upesi mmalize, maana mimi niliishia darasa la tatu na karatasi hii nitaisoma polepole. Kwetu Bugisu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani wala hawasemeshani, na hata akiwa ndani ya jeneza sitaki mtu aende kusimulia kwamba nilimkodolea macho.

Marehemu Geresom Kirunda alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 hapa Bugembe, Jinja, mtoto wa nne wa fundi baiskeli, akasoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza sekondari mjini Jinja mwaka 1980, na mwaka 1983 akaajiriwa kuwa askari magereza, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2016, na wenzake wakisema alikuwa mkali msiwaamini.

Huko kazini ndiko alikopatia ugonjwa wa majina. Asubuhi moja mwaka 1991, wafungwa wakihesabiwa, ndege aliimba juu ya ukuta, Mteso akamtaja hivi, Mwacholi akamtaja vile, Mjopadhola wa Tororo akasema wote wawili ni waongo, wakakaribia kushikana mashati, naye badala ya kupuliza filimbi akatoa kalamu. Ndege mwenyewe ni yule wa kahawia, mdomo wa manjano, mbavu za rangi ya chungwa, ambaye Kiswahili cha vitabu kinamwita mkesha. Wengine walimpa jina la mdomo wake, wengine la minyoo anayoivuta, wengine la kuwahi kuamka, na Geresom aliyaandika yote katika daftari lake, majina arobaini na moja, kila moja likitoka kwa mzee aliyemwona ndege huyo kwa macho yake.

Alifunga ndoa na binti yangu Lillian tarehe 19 Agosti 1989 huko Nakaloke, wakapata watoto watatu, Arnold, Topista na Jimmy, na alipostaafu wakahamia Namatala ili Lillian awe karibu na soko la Mbale. Kila Jumamosi alikuja kwangu, akaketi nje ya jiko akiupa ukuta mgongo, mimi nikiwa ndani mekoni, na Lillian mlangoni akipokea swali la huku na kupeleka jibu la kule, kwa sababu jina la Kigisu alilitaka kutoka kwangu na si kwa mwingine.

Sasa huyo Lillian, aliyelelewa mjini kwa shangazi yake, ndege anayemfahamu ni kuku. Aliniambia mumewe anamtaka yule mwenye tumbo jekundu anayeimba alfajiri, nami nikampa jina la kurumbiza, ambaye ana tumbo jekundu kweli na anaimba alfajiri kweli, lakini ana mstari mweupe juu ya jicho na ni ndege mwingine kabisa. Ningeweza kuuliza mara ya pili. Sikuuliza, nilikuwa na maharage jikoni.

Mwezi wa Desemba uliopita Topista alinisomea daftari, nikasikia jina nililotoa limewekwa juu ya ndege asiye wangu. Nikamwambia Lillian ampelekee baba watoto habari hiyo, akanijibu, "Mama, mtu anaumwa, ndege ni ndege." Kwa adabu sikumtuma tena, adabu ambayo naijutia mpaka leo.

Marehemu alisumbuliwa na sukari, kisha figo, akalazwa Mbale tarehe 20 Januari 2025, na akafariki tarehe 2 Februari saa kumi na mbili asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Namatala waliopika, na maafande waliombeba kutoka Mbale hadi hapa. Simshukuru Arnold bado. Ijumaa anapeleka daftari shuleni likanakiliwe kwa ajili ya watoto, na nilipomwambia ukurasa mmoja una kosa alisema, Kukhu, bibi yangu, marehemu hasahihishwi. Arnold, baba yako alimsahihisha kila mtu, hata wafungwa, na wazee wa rika langu waliomjua ndege yule wamekwisha, nimebaki mimi, na mimi pia sikai sana. Daftari haliondoki hapa kabla hujaniletea kalamu.

Na wewe mkwe, nisamehewe na wakwe wote walioko hapa, nakusemesha mwenyewe, leo hakuna mtu wa mlangoni. Yule wa mdomo wa manjano, sisi humwita kwa kazi yake, kwa Kiswahili ni Mpekua-majani, kwa kuwa hageuzi jani moja akaacha la pili. Nimemwona tangu sijaota meno ya pili. Kosa ni langu na la binti yangu, wewe uliandika ulicholetewa. Lala kwa amani.