Chaki ya Bluu kwenye Goti la Kulia

Ijumaa hii, tarehe 30, Bi Chaki anakabidhi ufunguo wa chumba cha mazoezi baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na moja. Mimi, kocha wa mpira wa pete, nimepewa kazi ya kuandika habari zake, labda kwa kuwa kati ya wote aliowafundisha, mimi ndiye niliyechelewa zaidi kuelewa.

Aliajiriwa kufua jezi na kufunga bendeji. Akasoma tiba ya viungo jioni, akafaulu, akarudi kwenye chumba kile kile chenye madirisha mawili, moja halifunguki, na kapu lile lile la nguo. Cheo kilibadilika, kufua kukabaki kwake.

Jina la utani alilipata kwa kipimo alichokibuni mwenyewe. Wengine huwapima wachezaji kabla hawajatoka jasho. Yeye alisubiri mwisho wa mazoezi, wanapohema. Alimpaka kila mmoja chaki ya bluu upande wa ndani wa goti la kulia, kisha akamtaka apande benchi na kuruka chini mara tano. Bluu ikionekana kwenye goti la kushoto, basi magoti yamegongana, na wiki hiyo huchezi. Alitueleza mpaka tukakariri: mguu ulionyooka hubeba mwili vizuri, lakini paja likichoka goti huangukia ndani, na kano iliyomo ndani ya goti huvutika hadi ikatike. Mwenye magoti ya kuelekeana tangu kuzaliwa yuko hatarini zaidi, na uchovu humwongezea. Siku moja nilijipima kwa utani. Benchi ndilo lililoumia.

Tangu aanze kipimo hicho, aliyekatika kano ni mmoja tu. Huyo mmoja ndiye anayenifanya niandike ukurasa huu kwa mkono mzito.

Alikuwa mtoto wa dada yake, mfungaji wetu bora, tuliyemwita Swala. Miguu yake iliinamia ndani kidogo tangu utotoni. Miaka tisa iliyopita, siku mbili kabla ya fainali, aliruka mara tano wakati Bi Chaki ameitwa ofisini mara moja. Nikaiona bluu kwenye goti la kushoto. Nikatoa kitambaa mfukoni, nikaifuta. Swala alinitazama.

"Nyamaza, mwanangu," nilimwambia. "Ni fainali."

Mama yake mkubwa aliporudi alikuta goti safi, akaandika: anacheza.

Robo ya mwisho ya fainali hiyo, Swala aliruka kudaka mpira, akatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani. Hajacheza tena. Ngazi za kwao anazipanda moja moja, ameshika ukuta.

Watu walisema Bi Chaki alimpendelea mtoto wa ndugu yake. Yeye aliendelea kufua jezi. Dada yake hajakanyaga kwake tangu siku ile. Swala naye alinyamaza, kama nilivyomwagiza.

Kitambaa nilikitumbukiza kwenye kapu la jezi, nikidhani kitapotelea humo. Baada ya wiki nilikikuta mezani kwangu, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa mara nne. Alama ya bluu ilibaki pembeni. Bi Chaki hakuwahi kuligusia jambo hilo. Kila asubuhi tulisalimiana, akakitania kitambi changu, nami nikacheka. Leo nadhani alikuwa akinisubiri niseme mwenyewe. Nimesubiri mpaka anaondoka.

Juzi nilimpelekea dada yake ukurasa huu, ukiwa umeishia hapo juu, kwa mkono wangu, pamoja na kitambaa. Aliusoma akiwa amesimama mlangoni, akauliza sherehe ya kuaga inaanza saa ngapi, akafunga mlango. Hakusema kama atakuja. Tumemwekea kiti safu ya mbele.

Bi Chaki, asante kwa magoti yote yaliyorudi nyumbani mazima. Samahani kwa lile moja. Tunakuombea nyumba yenye wageni wengi, na wa kwanza kubisha hodi awe dada yako.