Bisibisi, Fundi wa Lifti Asiyejua Kukaa

Mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bisibisi, alizaliwa alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mshonaji. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mtoto huyu alitangulia siku zake kwa sababu alichoka kukaa. Alitambaa upesi, akatembea upesi, na tangu hapo hakuna aliyemwona ameketi kwenye kiti mpaka kikapata joto.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Kichwa kilikuwa chepesi, ila yeye na dawati hawakuelewana. Akiwa darasa la sita aliishusha saa ya ukutani ya ofisi ya walimu, akaifungua, akaifunga tena, nayo ikaanza kukimbia. Siku hiyo shule nzima ilitoka mapema. Mwalimu mkuu alimwadhibu huku akijiuma midomo asicheke, na ndiye aliyempa jina la Bisibisi. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea mitambo na kuhitimu mwishoni mwa 1977.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunza lifti za jengo moja la ofisi mjini. Mwaka 1983 kampuni ya kigeni ilikuja kutafuta mafundi, naye akaaga kwamba anakwenda kwa mkataba wa miaka miwili. Mkataba ule ulizaa mwingine, na mwingine ukazaa mjukuu. Alifanya kazi katika nchi tatu, zote ugenini, zote katika vyumba vya vitanda vya juu na chini. Katika chumba cha kwanza walikuwa wanaume wanne wenye lugha nne na sufuria moja, na dirisha lilitazama ukuta wa jengo jirani. Mchana alining'inia ndani ya mashimo ya lifti na taa kichwani, mikono imejaa grisi, akisikia juu yake vicheko vya watu waliokuwa wakipanda kwenda kwenye ghorofa ambazo yeye hakualikwa hata siku moja. Kule waliendelea kumwita mgeni hadi mvi zilipomtoka. Huku, akija likizo, watoto wa jirani nao walikimbia kumwambia mkewe, "Mama, mgeni wako kafika!" Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1987, siku ya Jumamosi, na mshonaji wa sare za shule, ambaye leo sote tunamwita Mama Pacha. Likizo ile ya harusi haikuwa imefika nusu Bisibisi alipoanza kuzunguka uani, kuangalia saa, kukunja na kukunjua tiketi yake. Mama mkwe wake alimtazama weee, akauliza, "Jamani, huyu mkwe wangu ana siafu miguuni?" Akiwa kule, roho yake ilikuwa huku, akipiga simu kuuliza kama bati la jikoni linavuja. Akiwa huku, roho ilikuwa kule, akiwaza lifti ya jengo fulani inavyokwaruza. Mama Pacha alikuwa ameolewa na mtu aliyekuwa njiani muda wote, na alichotaka ni kitu kimoja tu: mume wake atulie nyumbani.

Siku moja kabla ya safari, bomba la jikoni lilikatika lenyewe. Uso wa Bisibisi ukang'aa. Akasogeza safari, akalala chini ya sinki akipiga mluzi kwa raha zake. Mama Pacha aliona, akaweka moyoni. Tangu mwaka ule, kila likizo ilipokaribia, vitu vya nyumba ile viliharibika kwa zamu. Pasi ilikufa, bawaba zikalegea, redio ikakohoa. Akipiga simu akasikia kuna kilichoharibika, Bisibisi alifoka kabisa, "Msimwite fundi mwingine! Nakuja mwenyewe!" Majirani nao wakajua mambo, wakawa wanapanga feni zao barazani kumsubiri.

Mapacha, wa kike na wa kiume, walizaliwa tarehe 2 Februari 1990. Habari zao alizipata kwenye simu ya msimamizi wa kazi, akapiga kelele mpaka wenzake wakadhani kamba ya lifti imekatika. Alipokuja kuwaona, Mama Pacha alizidisha dawa. Alilegeza kabati la vyombo, na kabla fundi hajaligusa likaanguka mbele ya wageni na vyombo vyote vya harusi. Bisibisi aliokota vigae, akalisimamisha, akalikaza. Alisema tu, "Kabati hili lina mkono wa mtu." Mama Pacha akajifanya anasikia mtoto analia.

Kitu kimoja tu hakikutengenezwa miaka yote: mlango wa chumba chao. Uliburura sakafu, ukalia, haukufunga. Mama Pacha aliusemea sana. "Lifti za wenzako zinapanda hadi mawinguni, mlango wangu mimi haufungi!" Naye angejibu, akiwa tayari amebeba begi, "Nikirudi, Mama Pacha. Nikirudi nauanza huo." Sisi ndugu zake tulimwona mvivu wa mlango, tukamcheka na kumtania.

Alistaafu mwaka 2017, akarudi, na mwaka uliofuata akaondoka tena kwa sababu waliompigia walisema lifti moja ya zamani haisikii mkono wa mwingine. Alirudi kabisa Novemba 2021, safari hii kwa sababu ya moyo. Daktari alimwambia apumzike. Akauliza, "Mpaka saa ngapi?" Alilala kitandani kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake uwanja wa ndege, viatu vikiwa vimeelekezwa mlangoni.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2024, hali ilipokuwa nzito, Mama Pacha aliketi kando yake kitandani akamwambia ukweli kuhusu pasi, bawaba, redio na kabati. Bisibisi alicheka mpaka akakohoa. "Nilijua tangu kabati," alisema. "Skrubu zikidondoka zenyewe haziendi kukaa ndani ya bakuli la sukari." Kisha akaushika mkono wake. "Na mimi nina la kwangu. Ule mlango ni kazi ya dakika chache. Nilikuwa nauacha ili nisirudi bure. Niliogopa nikimaliza kila kitu, humu ndani mtakuwa hamna haja na mimi." Mama Pacha alilia siku ile kuliko alivyolia siku yoyote aliyomsindikiza.

Jumapili, tarehe 16 Juni, alimwomba binti yake kigoda na kisanduku cha vifaa. Alikaa mbele ya mlango, akaukaza, akaupiga randa chini, akipumzika kila baada ya skrubu. Mama Pacha alikuwa jikoni. Alisikia mlango unafungwa bila kulia, akaacha mwiko ndani ya sufuria, akaketi sakafuni. Alikuwa ameelewa. Bisibisi aliaga dunia Jumatano, tarehe 19 Juni 2024, mchana, kitandani kwake, viatu vikiwa uvunguni.

Ameacha mjane, mapacha wawili, wajukuu watano, kaka mmoja, mdogo wake wa kike ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, na wenzake wa vyumba vya ugenini ambao wametuma salamu kwa lugha tusizozijua, nasi tumezipokea.

Jana mchana, uani kukiwa kumejaa watu, mimi, wifi yake, nilimkuta Mama Pacha peke yake chumbani, amesimama mbele ya mlango ule, bisibisi mkononi, ncha ikiwa tayari juu ya skrubu. Aliponiona, akairudisha bisibisi kisandukuni, akafunga kifuniko.

"Hapana, wifi," alisema. "Leo namwacha apumzike."