Kitanda cha Handel

Ijumaa alasiri, kwenye benchi la nje ya ofisi ya mizigo pale Naif, mtaa wa wahamiaji huku Uarabuni, palikuwa na watu wawili na thamosi moja ya kahawa. Yuliana, yaya wa Mirdif, alikuwa ametoka kufunga boksi lake la kwenda Songea, akajitupa kati yao kama gunia. Wote hoi, Naif nani asiyechoka? Mmoja Thuwein wa Unguja, dereva wa nyumba za watu, kijiweni wanamwita Mufti maana ana fatwa ya kila jambo. Mwenzake Evans wa Kisii, mlinzi wa kukodolea skrini, wanamwita Kamera.

— Mbona sura ya matanga, dada? Evans aliuliza. London haikuwa poa?

Yuliana akashusha pumzi, akatoa yote. Kiangazi madam, mwajiri wake, alimchukua London amshikie mtoto. Siku moja wakaenda kuangalia nyumba aliyokaa Handel, mtunzi wa muziki wa enzi hizo. Sasa watu wanaingia kwa tiketi. Chumbani kuna kitanda cha mapazia mekundu, shuka limejikunja kidogo. Mikono yake, jamani, haikumwomba ruhusa! Akapita chini ya kamba, akanyoosha shuka, akachomeka pembe, akaupigapiga mto. Mlinzi huyo, mbio! Madam aliona aibu ya mwaka, na mpaka leo hajalitaja jambo hilo.

— Na visa yangu inaisha mwezi huu, alisema Yuliana. Akinirudisha, shule ya wanangu ndiyo khalas.

— Wazee wamesema, mgeni njoo mwenyeji apone, Thuwein akatamka.

— Mwenyeji si alishakufa, Mufti? Yuliana akauliza. Apone nini?

— Ndiyo kosa lenyewe! Umekwenda, na hajapona.

— Mi naona hivi, Evans akadakia. Video wako nayo. Alama za vidole vyako ziko kwa shuka. Siku utarudi huko, mlango wa airport unakataa kufunguka.

— Vidole si kitu, Thuwein akasema. Mwanamke akishamtandikia mwanamume kitanda, ukoo unamhesabu mke. Huyu sasa mjane, akae eda.

— Basi nyumba ni yake! Evans akaruka. Tuipangishe. Chumba kimoja watu kumi na wawili, kitanda cha chini bei juu.

Wakacheka kicheko cha watu waliotoka zamu. Yuliana hakucheka. Walimkera, na hakuwa na nguvu ya kuwagombeza.

Simu ikaita. Madam. Yuliana akaipokea haraka.

— Yes, madam… Inshallah, madam.

Akakata.

— Anasema nipige picha za visa mpya. Na niwahi, kesho kuna wageni.

— Alhamdulillahi! Thuwein akammiminia kahawa ya mwisho. Umepona, mwanangu!

Pembeni alikuwa amesimama Eriya, Mganda mgeni wa mjini, anasubiri boksi lake lipimwe. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, nnyabo, dada yangu. Hiyo nyumba yenyewe ilikuwa nzuri?

Yuliana akajaribu kuikumbuka. Alikumbuka shuka. Alikumbuka vumbi kwenye miguu ya kinanda, na matope ya viatu vya mtoto. Akatafuta rangi ya kuta, akatafuta kama kulikuwa na muziki unapigwa. Hakupata kitu. Akamgeukia Thuwein, aliyezeeka akiwashusha watu kwenye milango ya majumba. Thuwein akatikisa kichwa: yeye huishia mlangoni.

— Sikuiangalia, kaka, akasema.

Akalia palepale, na kazi anayo.