Oili ya Jumapili ya Matawi

MACHAGE: Naam, haloo. Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

RHOBI: Shikamoo Baba. Ni mimi, Rhobi.

MACHAGE: Marahaba, mama. Simu yako imepatwa na nini?

RHOBI: Imeisha chaji. Hii ni ya bodaboda mmoja hapa Bunda, anaitwa Baltazar. Baba, nisikilize, sina muda—

MACHAGE: Bunda? Si ulisema leo unachanja ng'ombe za mzee Mugeta, kule Nyamuswa?

RHOBI: Nilipita Bunda kuchukua chanjo. Nimetoka mjini kidogo tu, pikipiki imenoki.

MACHAGE: Imefanyaje?

RHOBI: Imenoki, Baba. Injini imekaza. Ilianza kugonga kama mtu anapiga sufuria, mara gurudumu la nyuma likaburuza. Nusura nianguke na kiboksi cha chanjo.

MACHAGE: Umeumia?

RHOBI: Sijaumia. Nimeisukuma mpaka Kabasa. Ng'ombe arobaini za Mugeta zimefungiwa tangu asubuhi, hazijala, na mimi barafu yangu inayeyuka. Nimechoka, Baba. Nina hasira.

MACHAGE: (simu inakwaruza) ...kijiti?

RHOBI: Unasema?

MACHAGE: Nasema kijiti cha oili. Ulikipima asubuhi?

RHOBI: Baba, usianze.

MACHAGE: Nauliza kama fundi. Nilikufundisha nini? Kabla hujapiga kiki, chomoa kijiti, futa, rudisha, angalia.

RHOBI: Sikupima.

MACHAGE: Na jana?

RHOBI: Sijapima kama mwezi hivi. Hapa wamefungua nati ya chini, imetoka oili haijazi kikombe cha chai. Nyeusi, nzito kama lami.

MACHAGE: Mwezi mzima. Mtoto wa fundi.

RHOBI: Kwa sababu niliweka oili ya sinthetiki. Ndiyo maana niliiweka. Bei mara tatu ya ile yako ya kawaida, nikalipa, ili nisiwe mtu wa kufungua nati kila baada ya wiki mbili. Natembea kilomita sabini kwa siku, vumbi, jua, milima ya Butiama. Ile yako ikipata joto inakuwa maji.

MACHAGE: Ile yangu nimeitumia miaka thelathini na sita hapa Nyasho. Ikichoka unaiona imechoka. Hiyo ya kwenu inakudanganya.

RHOBI: Haidanganyi. Imeandikwa kilomita elfu tano. Mimi nimefika elfu nne na mia mbili.

MACHAGE: Ilikuwa ya pikipiki au ya gari? Maana ukiweka ya gari, klachi inateleza—

RHOBI: Ya pikipiki. Nilisoma chupa. Mimi siyo mjinga, Baba.

MACHAGE: Sijasema mjinga.

RHOBI: Basi shida siyo sinthetiki. Shida ni kwamba haikuwa sinthetiki.

MACHAGE: Una maana gani?

RHOBI: Feki. Stanslaus ameniuzia feki. Yule mwenye duka la spea hapa Kabasa. Ndiyo niko mlangoni kwake sasa hivi.

MACHAGE: Mlangoni kwake unafanya nini?

RHOBI: Nafanya nini? Namwambia ukweli wake. Anaapa kwa jina la mwanawe kwamba oili yake ni halali. Eti nimwoneshe oili gani ya sinthetiki inakufa hivi kabla ya elfu tano. Nikamwambia ni hii hapa, si uiangalie, kwenye hiki kikombe.

MACHAGE: Rhobi, tulia kwanza.

RHOBI: Nimetulia. Bodaboda ndiyo hawajatulia. Wapo kama ishirini. Wanasema walikuwaga wanamshuku siku nyingi, kwamba anaokota chupa tupu anajazia oili chafu iliyochujwa. Wawili injini zao zilikufa mwezi uliopita. Walikuwa hawana ushahidi. Leo wamepata ushahidi, na ushahidi ni mimi.

MACHAGE: Waambie waache.

RHOBI: Waache nini?

MACHAGE: Waache tu. Achana na huyo mtu. Tafuta gari la mizigo, pakia pikipiki, ije huku Musoma. Nitaiangalia.

RHOBI: Nitakuja, lakini siyo kabla hajakubali. Baba, mimi daktari wa mifugo natembeza kazi yangu kwa hiyo pikipiki. Leo Mugeta ataniona mhuni. Kesho hataniita, atamwita yule wa Bunda mwenye gari. Mtu ameniharibia kazi, halafu niachane naye?

MACHAGE: Oili inaweza kuungua yenyewe. Ringi za pistoni zikichoka, inaungua.

RHOBI: Ringi ulizibadilisha wewe mwenyewe mwezi wa kwanza.

MACHAGE: (kimya)

RHOBI: Baba? Haloo?

MACHAGE: Nipo.

RHOBI: Wewe si ndiye uliyekuwa unasema wauza sinthetiki wote wezi? Siku ile, Jumamosi, nilipokuambia nimeweka, ulisema nini? Ulisema, "Huyo Stanslaus amekuona sura, amekuibia." Leo unamtetea.

MACHAGE: Simtetei.

RHOBI: Unamtetea. Subiri... (sauti za watu) Subiri, Baba. Wameingia ndani. Wanatoa makatoni.

MACHAGE: Makatoni gani?

RHOBI: Ya oili. Wanataka kuyamwaga yote barabarani. Mke wake analia. Mimi sikusema wamwage, nilisema tu—

MACHAGE: Wazuie.

RHOBI: Nawazuiaje, watu ishirini?

MACHAGE: Rhobi, wazuie. Huyo mtu hana kosa.

RHOBI: Umejuaje hana kosa? Uko Musoma.

MACHAGE: Najua.

RHOBI: Unajuaje?

MACHAGE: (simu inakwaruza) ...ile oili...

RHOBI: Sikusikii, sogea nje ya bati.

MACHAGE: Nasema ile oili haimo kwenye injini. Niliitoa.

RHOBI: Uliitoa nini?

MACHAGE: Sinthetiki yako. Niliimwaga nikaweka ya kawaida. Jumapili ya Matawi. Wewe ulikuwa misa ya kwanza, pikipiki umeiacha hapa uani. Nikafungua nati.

RHOBI: Ukafungua nati.

MACHAGE: Rhobi.

RHOBI: Ngoja. Baltazar, waambie wasimwage. Waambie wasubiri, kuna jambo. Wasubiri, nimesema... Baba. Rudia.

MACHAGE: Umesikia.

RHOBI: Wiki kumi na moja. Nimetembelea oili ya kawaida wiki kumi na moja nikijua ni sinthetiki.

MACHAGE: Ndiyo.

RHOBI: Na wewe unajua.

MACHAGE: Sikujua utapitisha muda hivyo. Nilijua baada ya wiki mbili utakuja kama siku zote. Wewe wiki mbili hukosagi. Nikasema akija nitamwambia, tutacheka, nitamrudishia oili yake.

RHOBI: Kwani ipo?

MACHAGE: Ipo. Nimeiweka kwenye chupa ya maji, juu ya kabati. Safi kabisa, nimeifunika.

RHOBI: Nilikuambia kabisa sitakuja. Nilisimama hapo mlangoni kwako nikakuambia, Baba, sasa oili hii mpaka mwezi wa saba ndiyo nitakuja kumwaga. Nilifurahi hata. Nilikuambia nimepata nafasi ya kufanya kazi hata Jumamosi.

MACHAGE: Ulisema.

RHOBI: Sasa kwa nini?

MACHAGE: Sikuiamini hiyo oili.

RHOBI: Baba, hiyo kawaambie hawa bodaboda. Mimi niambie ya kweli.

MACHAGE: Mama yako yuko Mwanza mwaka wa pili huu, analea watoto wa kaka yako Samwel. Kila siku anarudi mwezi ujao. Wewe ulikuwaga unakuja. Unakaa hapo kwenye ndoo, oili inachuruzika, unanihadithia ng'ombe wa watu. Halafu unakula ugali, unaondoka. Sasa ukasema mwezi wa saba.

RHOBI: Na ukashindwa kufungua mdomo.

MACHAGE: Ningesema nini? Njoo nikuone? Wewe una kazi yako.

RHOBI: Ungesema hivyo hivyo.

MACHAGE: Nilikupigia. Jumamosi zote nilikupigia.

RHOBI: Ulinipigia unauliza oili. "Oili inaendeleaje, rangi yake ikoje." Nikasema nyeusi. Nikakuambia Stanslaus kasema hata sinthetiki inakuwa nyeusi kwa sababu inasafisha. Ukanyamaza. Mara ya mwisho nikakukatia simu, nikijua unaanza tena ubishi wako.

MACHAGE: Ulinikatia. Nikasema basi, wiki ijayo nitamwambia.

RHOBI: Baba, ningeanguka. Gurudumu lilifunga. Nyuma yangu kulikuwa na lori la pamba.

MACHAGE: Usiniambie hivyo.

RHOBI: Nakuambia. Na nimemwita mtu mwizi mbele ya mke wake. Mimi, kwa mdomo wangu. Amekaa hapo kwenye ngazi ya duka, hata hanitazami.

MACHAGE: Mwombe radhi. Mwambie ni makosa ya injini.

RHOBI: Hapana.

MACHAGE: Mwambie hivyo, iishe.

RHOBI: Haiishi. Hawa hawataniamini mimi, watasema Stanslaus amenihonga. Makatoni bado wameyashika. Naweka sauti kubwa, utawaambia wewe.

MACHAGE: Rhobi. Mimi fundi. Nusu ya hao bodaboda wa Bunda wananijua, wengine mafundi wao nimewafundisha mimi. Unataka nisimame niseme nilimwaga oili ya mteja bila kumwambia?

RHOBI: Siyo ya mteja. Ya mwanao.

MACHAGE: Ndiyo mbaya zaidi.

RHOBI: Naweka.

MACHAGE: Subiri. Na hayo mengine niliyokuambia—

RHOBI: Hayo usiwaambie. Hayo ni yangu. Waambie ya oili tu. Haya, ongea. Jamani nyamazeni, huyu ni baba yangu, mzee Machage, fundi wa Nyasho.

MACHAGE: Haloo. Habari zenu vijana. Mnanisikia?

RHOBI: Wanakusikia. Endelea.

MACHAGE: Mimi ni Machage. Pikipiki ya huyu binti iliwekwa sinthetiki hapo kwa Stanslaus. Mimi niliitoa. Nikaweka ya kawaida na sikumwambia mwenye pikipiki, naye akatembea nayo mpaka ikaisha. Kwa hiyo oili mnayoiona kwenye kikombe siyo ya hilo duka. Ni yangu. Rudisheni makatoni ya watu.

RHOBI: (sauti za watu) Wanauliza kwa nini uliitoa.

MACHAGE: Kwa ubishi. Nilidhani nitamshinda. Stanslaus, unanisikia? Nisamehe sana, kaka. Na mama watoto umwambie. Nilikusema vibaya nyumbani kwangu, na leo umesemwa vibaya kwako.

RHOBI: Ametikisa kichwa.

MACHAGE: Ametikisa vipi? Anakubali au anakataa?

RHOBI: Ametikisa tu, Baba. Unataka nini, akupigie makofi? Wameanza kurudisha makatoni. Nimeiondoa sauti kubwa, tuko wawili.

MACHAGE: Wamecheka?

RHOBI: Wawili watatu. Mmoja amesema kumbe hata mzee Machage.

MACHAGE: Haya.

RHOBI: Usifikiri imeisha. Nina hasira na wewe, na ninajikasirikia mimi mwenyewe kwa hicho kijiti. Nitakuja na hasira hiyo hiyo.

MACHAGE: Njoo nayo. Mugeta umemfanyaje?

RHOBI: Baltazar atanipeleka Nyamuswa sasa hivi na pikipiki yake. Barafu ipo ipo kidogo. Pikipiki yangu Stanslaus amesema tuipakie kwenye gari linalomletea mzigo, linarudi Musoma jioni. Yeye ndiye amesema, siyo mimi. Nimeona aibu hata kushukuru.

MACHAGE: Sawa. Mimi nitaipokea.

RHOBI: Nikimaliza kuchanja nitapanda basi nije. Baltazar anataka simu yake, anasema salio linakata. Niambie haraka, injini itachukua siku ngapi?

MACHAGE: Silinda itakuwa imekwaruzika, pistoni itatakiwa mpya. Pistoni ninayo hapa.

RHOBI: Siku ngapi?

MACHAGE: Moja.

RHOBI: Moja?

MACHAGE: Nikianza alfajiri, jioni unaondoka nayo. Sikucheleweshi, mama. Nakuambia kama fundi, moja.

RHOBI: Siku moja utaifunga vibaya.

MACHAGE: Siifungi vibaya. Injini hiyo naijua hata nikifumba macho—

RHOBI: Baba. Fanya tatu.

MACHAGE: Tatu za nini? Nimeshasema kazi yenyewe ni ya siku moj—

RHOBI: Nimesema tatu. Haya, naondoka, usifungue kitu chochote kabla sijaf—

MACHAGE: Haloo? Rhobi? ...Haloo?