Fomu Tano za Lishe na Mpiga Gitaa Asiyepatikana

Shauri Na. 11 la Mwaka 1976, Kuhusu Fomu Tano za Lishe Zilizojazwa Isivyostahili, na Mpiga Gitaa Asiyepatikana. Hicho ndicho kichwa cha jalada ambalo, hadi asubuhi hii ya Alhamisi, tarehe 15 Novemba 1984, ni maandishi marefu kuliko yote ambayo serikali imewahi kuyaandika juu ya marehemu, na ukurasa wake wa mwisho unasema kwamba aliidanganya serikali kwa makusudi. Familia imeona si haki sentensi hiyo ibaki juu ya ardhi wakati mwenyewe anashushwa chini, na Sheikh, ambaye tunamshukuru, ametupa dakika kumi na tano kabla ya swala ya jeneza. Historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, Mfaume Abeid, ambaye humu ndani atatajwa kwa jina kama wengine, kwa sababu ndivyo jalada linavyomtaja.

Marehemu Mwanaamina binti Abeid Mwinjuma alizaliwa Mzenga tarehe 12 Machi 1936, mtoto wa pili kati ya wanne wa Mzee Abeid Mwinjuma, mkulima wa mihogo na mikorosho, na Bi Sikudhani Jumbe. Tarehe hiyo ni ya uhakika, baba aliiandika kwa mkaa nyuma ya mlango, na ingawa mlango ulipakwa rangi mwaka 1961 kwa furaha ya uhuru, wote waliokuwa wakijua kusoma walikuwa wameshaikariri.

Alihitimu Kurani mwaka 1946, akaingia shule ya msingi mwaka 1947 na kutolewa mwaka 1950 alipomaliza darasa la nne, kwa kuwa darasa la tano lilikuwa mbali na yeye alikuwa msichana, sababu mbili ambazo zama zile zilihesabiwa kuwa moja. Mwaka 1955 aliolewa na Hemedi Zahoro, mkulima wa Mlandizi, wakajaliwa mabinti wawili, Tatu aliyezaliwa mwaka 1956 na Mboni aliyezaliwa mwaka 1959, wote wako hapa mbele yenu. Mumewe alifariki kwa homa tarehe 3 Februari 1963, na marehemu hakuolewa tena, ingawa aliposwa mara mbili na mmoja wa waposaji yumo humu msibani na hatutamtaja.

Tarehe 1 Julai 1964 aliajiriwa kufanya usafi katika maktaba ya kituo cha elimu pale Tumbi. Kazi yake ilikuwa kupangusa vitabu, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia apanguse upande wa nje tu, alivifungua. Alisoma Kiingereza katika madarasa ya jioni ya wafanyakazi kwa miaka minne, na mwaka 1970, wataalamu wa kigeni walipokuwa wakifunga mizigo kurudi kwao, mkutubi mmoja wa kizungu alimwachia sanduku la bati lenye vitabu saba, vyote vya aina moja: maisha ya wanamuziki wa roki, watu wa magitaa ya umeme na nywele za mabegani, waliyoyaandika wenyewe kwa mikono yao.

Tunajua wapo waombolezaji watakaojiuliza mwanamke wa Kizaramo aliyehitimu Kurani alitafuta nini kwa watu wale, na swali hilo aliulizwa enzi za uhai wake, tena na watu wenye mihuri. Jibu lake lilikuwa lile lile siku zote. Alisema vitabu vya watu wakubwa huandikwa na watu wasiowahi kukosea, lakini hawa wapiga magitaa kila mmoja alimdhulumu mtu aliyempenda, kisha akakaa chini akaandika nani, lini na katika nyumba gani. Na alikuwa na kipimo chake: mwandishi akifika ukurasa wa hamsini hajakosea, mrudishie kitabu chake.

Mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini, alihamia na wanawe katika kijiji chetu hapa Kibuta, akajitolea kufundisha kisomo cha watu wazima, akakabidhiwa pia maktaba ya kijiji, ambayo ilikuwa rafu mbili ndani ya ofisi ya Mwenyekiti, Mzee Mwinyijuma, zenye vitabu arobaini na kimoja vya mbolea, vyoo na mabanda ya kuku. Wanafunzi wake walivimaliza kwa mwaka mmoja. Bi Mwamvita, aliyekuwa wa kwanza darasani na wa kwanza kulalamika, alimwambia mbele ya wote, "Mwalimu, banda la kuku nimelisoma mara nne, na kuku mwenyewe sina." Siku hiyo marehemu alikwenda nyumbani akalifungua sanduku la bati.

Alisoma Kiingereza kwa macho na Kiswahili kwa mdomo, kila Alhamisi alasiri, kwa watu kumi na sita. Na kwa vile kijiji kilikuwa na kikundi cha kusikiliza vipindi vya redio vya lishe, ambacho kila baada ya kipindi kilijadili, kikapitisha azimio, na katibu akajaza fomu, watu hawakujua namna nyingine ya kusikiliza jambo. Sura ilipokwisha walijadili, wakapiga kura, wakataka iandikwe. Marehemu aliwaambia hakuna haja, Bi Mwamvita akajibu, "Bila fomu haya ni maneno ya kisimani," na katibu, ambaye ni Mfaume Abeid, akajaza fomu zile zile za lishe, maana karatasi nyingine hazikuwepo, na marehemu akazihifadhi sandukuni.

Nje ya vikao alivigawa vitabu hivyo kama mganga anavyogawa dawa, kila mtu chake, na asiyejua Kiingereza alihadithiwa kwa mafungu. Fundi baiskeli aliyegombana na mwanawe alipewa yule mwimbaji aliyepotelewa na sauti, na Mzee Mwinyijuma mwenyewe alipendekezewa kile cha bendi iliyovunjika kwa sababu watu wanne walitaka kuwa mbele, akakisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa wiki nzima bila kuitisha mkutano wa dharura.

Tarehe 18 Desemba 1975 fomu kumi na mbili za lishe za kijiji chetu zilifika katika ofisi ambayo familia imeshauriwa isiitaje. Zilikaa huko miezi minne, kama ilivyo desturi ya fomu, kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, zikasomwa.

Fomu ya tisa, ya mwezi Novemba, ilisema hivi. Tatizo lililoonekana: ndugu mpiga gitaa amejifungia chumbani siku tatu bila kula baada ya kumkosea kaka yake. Azimio la kikundi: kaka yake amwendee na chakula. Hatua zilizochukuliwa: bado, tunaendelea Alhamisi.

Jumanne, tarehe 20 Aprili 1976, Land Rover iliingia kijijini ikiwa na maziwa ya unga, mizani, na afisa wa lishe, Bi Efrazia, mwanamke mwaminifu sana katika kazi yake, na ndiyo maana mambo yalikuwa mabaya. Hakutaka kiti wala maji, alitaka kuonyeshwa mgonjwa. Mzee Mwinyijuma alimwambia, "Bibi, hapa kijijini hata gitaa lenyewe hatuna." Bi Efrazia akasema, "Basi mmemficha," akapita nyumba kwa nyumba, na Mwenyekiti mbele yake akifungua milango na maghala ya watu, jasho likimtoka, kwa kuwa mwezi uliopita mwenyekiti wa kijiji cha jirani alivuliwa cheo kwa kuficha njaa. Walipofika kwa Bi Mwamvita, yeye, akidhani anasaidia, alisema, "Huyo yuko Ulaya, bibi, na ameshakula. Ukurasa wa mia moja na kumi amekula." Bi Efrazia hakucheka. Aliandika.

Kutoka siku hiyo hadi Jumamosi, tarehe 15 Mei, kijiji kiliishi kama mtu aliyeshikilia pumzi. Kikundi cha Alhamisi hakikukutana. Watu walipishana na marehemu njiani wakimwamkia bila kusimama, na waliokuwa wakimwita mwalimu walianza kumwita mama Tatu. Yeye alimuuliza Mfaume swali moja tu, uani, akiwa anatwanga, "Zilifikaje kule?" Mfaume akasema hajui, huenda zilichanganyika, na marehemu akaendelea kutwanga.

Jumamosi hiyo kamati ya uchunguzi iliyotumwa na serikali ilikaa katika ofisi ya kijiji, watu watatu nyuma ya meza, na juu ya meza kulikuwa na fomu tano, vitabu saba, na barua mbili zilizokuwa zikingoja muhuri. Ya kwanza ilimwajiri Mwanaamina binti Abeid kuwa mkutubi wa kijiji kwa mshahara, kazi aliyoitafuta tangu siku alipofungua kitabu cha kwanza na kitambaa cha vumbi mkononi. Ya pili ilimwajiri Mfaume Abeid kuwa karani kuanzia tarehe 1 Juni. Mwenyekiti wa kamati alieleza kwa upole kwamba kujaza fomu kimakosa ni ujinga, na ujinga ni adui ambaye taifa linapambana naye, lakini kupeleka fomu ukijua si za lishe ni udanganyifu, na mdanganyifu hataajiriwa. Kisha akauliza nani alizipeleka.

Katibu alikuwa kwenye benchi la mbele. Anakumbuka kwamba Mzee Mwinyijuma alikohoa, kwamba nzi alitembea juu ya kitabu cha tatu kutoka pembe hadi pembe, na kwamba mwenyekiti wa kamati alirudia swali akimtazama yeye, si mtu mwingine. Alifungua mdomo. Dada yake akasimama.

"Mimi," alisema.

"Ulijua kwamba hazihusu lishe?"

"Nilijua. Vitabu nimevisoma mwenyewe."

"Sasa kwa nini, ndugu, uandike habari za mpiga gitaa katika fomu ya chakula?"

"Alikuwa na njaa," alisema marehemu, na mwenyekiti wa kamati akamgeukia mwandishi wake akasema, "Andika, amekiri."

Barua ya kwanza ilichanwa pale pale. Ya pili iligongwa muhuri. Vitabu saba viliitwa vielelezo, vikapewa herufi A hadi G, vikafungiwa katika kabati la ofisi ile ile ambamo Mfaume alianza kazi tarehe 1 Juni, na ufunguo wa kabati hilo ulikuwa miongoni mwa funguo sita alizokabidhiwa asubuhi ya kwanza.

Toka hapo marehemu alilima mihogo kwa miaka minane. Lakini watu walianza kumwendea shambani mmoja mmoja, na yeye, huku akimenya, alimtazama mtu usoni, akamuuliza mambo mawili matatu, akampendekezea kitabu kilichofungiwa kabatini, kisha akamhadithia sura baada ya sura kwa kichwa, na wengine walitoka Mzenga kuja kusikiliza. Mfaume alimtembelea kila Ijumaa. Jambo la Mei halikutajwa hata siku moja. Marehemu alimpa mihogo ya kubeba, na akiwa mlangoni kuondoka alimuuliza, "Vitabu vyangu vizima?" naye alijibu, "Vizima, dada," na aendaye nyumbani na mzigo wa mihogo ya namna hiyo huuona mzito kuliko ulivyo.

Mwezi Julai mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kumpungua, na tarehe 9 Oktoba alilazwa hospitali ya Tumbi, akaambiwa ni moyo. Mwezi Septemba Mfaume alikuwa amepeleka barua kuomba jalada la shauri lifunguliwe upya, akajibiwa kwamba mwenye haki ya kuomba ni mhusika mwenyewe, afike ofisini siku za kazi akiwa na barua ya Mwenyekiti wake. Mhusika alikuwa hawezi kufika dirishani. Ndipo Mfaume alipofungua kabati, baada ya miaka minane, akampelekea kielelezo C, na kumsomea kitandani kwa Kiingereza ambacho marehemu alikisahihisha kila mstari. Siku ya nne alikifunga kitabu, akamwambia, "Dada, nataka kuandika ile habari, niisome mbele ya watu." Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuka ukutani kwa adabu, na marehemu akasema, "Andika. Ila usiwachoshe watu na utoto wako. Na usijipigie kelele ya kilio, wanaojililia mno huwa wameficha nusu."

Alifariki jana, Jumatano, tarehe 14 Novemba, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane. Ameacha mabinti wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tumbi, ambao walivumilia mgonjwa aliyewauliza kila zamu wanasoma nini. Inawashukuru majirani kwa kuni, maji na mikeka, na Mzee Mwinyijuma kwa kutoa ofisi ya kijiji wageni walale. Inawashukuru wanafunzi wa kikundi cha Alhamisi, kumi na wawili wako hapa, na Bi Efrazia, aliyesikia habari akaja kwa nauli yake mwenyewe na ameketi kule nyuma na akina mama. Vitabu saba vimerudi kwa Tatu na Mboni, na karani aliyevitoa bila kibali amekwisha kuandika barua ya kujieleza.

Dada, pumzika, na amani ikupokee mahali pasipo na fomu.

Ilivyokuwa ni hivi. Fomu kumi na mbili zilitakiwa, kikundi kilikuwa nazo saba kwa sababu mabetri ya redio yaliisha mwezi Oktoba, na Mfaume Abeid, katibu, akiamini kwamba hakuna mtu anayezisoma, alitoa tano za vitabu katika sanduku la dada yake bila kumwambia, akazichanganya na zile saba, akazipeleka mwenyewe kwa baiskeli. Mwanaamina binti Abeid hakuidanganya serikali isipokuwa mara moja, aliposema, "Mimi."