Fumueni Pindo la Mashariki

Kaeni, wanangu, mmoja huku na mwingine huku, na asiyetaka kumtazama mwenzake anitazame mimi, maana nimebaki na sauti kidogo na sitaki kuimalizia kwenye kuwapangia viti. Nesi, acha kunishika mkono kwa kutafuta mapigo ya moyo, nishike tu kama mtoto anavyomshika mama yake. Na wewe, Fundi, zima hiyo simu, friji za watu zitasubiri. Miaka yote hii mmekuwa mkija kwangu kwa zamu, huyu akitoka ndipo yule anaingia, kama walinzi wa geti, nami nikajifanya sioni. Leo nimewaita pamoja, na nitakayosema nitayasema mara moja.

Nianze na vitu, kwa sababu vitu ni vyepesi. Nyumba hii ni yenu wote wawili, na msiiuze mpaka mmekubaliana kwa vinywa vyenu, ana kwa ana, si kwa kutumiana watu. Cherehani ni ya Fundi, maana anajua kuisikiliza ikianza kuugua. Mkasi mkubwa ni wa Nesi, na asikatie karatasi, nitajua. Mwalimu wa nyumba ya pili ana gauni lake limetundikwa nyuma ya mlango, limebaki mikono tu. Limalizieni, msimrudishie vipande vya kitambaa na maneno ya pole, kwa sababu nilimwahidi atalivaa. Nguo zangu gaweni kwa wanaozihitaji, isipokuwa kanga ile iliyofifia, ambayo mtanifunika nayo ndani ya sanda, basi.

Hayo yamekwisha. Sasa tuzungumzie nchi.

Mnaijua habari yake, lakini nataka muisikie tena kutoka kwangu, kwa sababu kila mmoja wenu ameibeba kivyake na imewapinda migongo. Baba yenu alipoondoka kwenda kutafuta kazi na habari zake zikakatika, mlikuwa mkiniuliza yuko wapi, nami nilikuwa na nguo za watu za kumaliza na sikuwa na jibu, nikawa nasema yuko kule. Mdogo wenu ndiye aliyeuliza, kule kuna nini? Kiroboto wangu, aliyekuwa hatulii mahali pamoja hata akiwa usingizini. Nikachukua kipande cha kaki kilichobaki kwenye suruali ya mteja, nikakilaza mezani, nikamwambia kule kuna jangwa, na katikati ya jangwa kuna mlango umesimama peke yake, hauna ukuta. Umefika mlangoni, unafanya nini? Akasema, nabisha hodi. Kabla hamjaenda kulala tulikuwa na nchi, na jina lake likawa Kule.

Tukaishona kidogo kidogo kwa mabaki ya kazi. Milima ya jinzi, ambako watu hawana neno lenye maana ya jana, kwa hiyo hakuna anayeweza kumnunia mwenzake kwa muda mrefu. Hilo mlilitunga ninyi wenyewe, sijui mlikuja kulisahau wapi. Msitu wa sketi ya shule iliyombana Nesi. Mto wa bitana ya samawati iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi. Na miezi miwili ya vifungo vya koti, mmoja mvivu, unachelewa kuchomoza kila siku na kuomba radhi. Niliwafundisha kujenga mji kama nilivyofundishwa kukata nguo, unaanza na mwili, si mapambo: kwanza ujue watu wake wanachota maji wapi, kisha ujue wanaogopa nini, halafu uhakikishe mji umepungukiwa na kitu, kwa sababu mji uliokamilika hauna mtu atakayetoka kwenda kutafuta. Fundi akaleta mji wa waoka mikate ambao hauna kengele hata moja, na wakazi wake wote hutembea na soksi, kwa kuwa chini yake amelala zimwi. Nesi akaleta daraja ambalo mlinzi wake hapokei nauli, anapokea kisa cha kweli ambacho hujawahi kumwambia mtu. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa daraja lile, na pale mezani, sindano mkononi, nilisikia mambo yenu ambayo mama wengine hawayapati mpaka wanazikwa.

Kila mmoja wenu alikuwa na mtu wake huko. Nesi, uliyekuwa mwembamba na mwoga wa mbwa, ukawa jitu la kike linalong'oa miti. Fundi akawa mwizi mwenye adabu, anayepiga magoti kuomba radhi kabla ya kuiba. Na Kiroboto, tulipomuuliza anataka kuwa nani, akasema anataka kuwa bibi kizee. Tulicheka sana. Mtoto wa umri ule, dunia nzima iko mbele yake achague awe malkia au awe simba, anachagua magoti mabovu na fimbo. Akawa ajuza mtafuta njia, anayewatangulia akilalamika kwamba mnatembea kama mnaenda kukopa. Daktari alipokuja kutueleza habari ya moyo wake, na kwamba umeumbwa na kasoro isiyorekebishika, ndipo nilipoelewa kwamba mtoto alijua kabla yetu. Alikwenda kuzeekea Kule kwa sababu hapa asingepata nafasi, na sisi tulicheka.

Nipe maji. Kidogo tu, inatosha.

Tulikuwa na kanuni, na mambo yote yaliharibikia kwenye kanuni, kwa hiyo nizitaje. Mtu akijaribu jambo asilojua litafanikiwa au la, anaingiza mkono kwenye kopo la vifungo bila kutazama, anatoa kimoja na kukiweka mezani: cheupe amefaulu, cheusi ameshindwa, chekundu limetokea lisilotarajiwa na mtu yeyote, hata mimi. Hiyo ni moja. Nyingine ni kwamba mahali hapashonwi mpaka mmoja wetu amefika, na ukingo wa kitambaa unaachwa mbichi, haupigwi pindo, maana kwetu pindo ni mwisho wa dunia. Kusini tulipiga pindo kwa sababu mlifika ninyi watatu mkakuta bahari isiyo na ng'ambo, mkakubali wote kwamba pameisha. Upande mwingine wowote ulibaki wazi, nyuzi zinaning'inia.

Siku ya mwisho ya mchezo alikuwa kwenye kitanda hikihiki, tumemwegemeza kwa mito, kitambaa kimetandazwa juu ya miguu yake. Mlikuwa mmefika ukingo wa mashariki na watu wenu wamechoka. Akasema, nyinyi pumzikeni, mimi natangulia nikaone kuna nini. Akaingiza mkono kwenye kopo. Mnakumbuka alivyokuwa anaiba, eti hatazami, kumbe anavisoma vifungo kwa kidole. Safari hii alikipapasa kimoja, akatabasamu, akakifumbata, akaniambia, Mama, nitakuonyesha kesho. Nikamwachia. Mtoto anatabasamu, utamfungua kiganja? Kabla ya kesho hiyo tulikuwa tumembeba kwenda hospitali, na nilipokuja kumwosha mkono ulikuwa wazi na hauna kitu. Nilipapasa mashuka, nikawasumbua watu wa gari la wagonjwa, nikafagia chumba hiki kwa viganja. Kifungo hakikuonekana, na rangi yake hakuna ajuaye.

Sasa nakuja kwenu. Fundi, baada ya mazishi uliniona kila siku nimekaa pale dirishani, kitambaa mapajani, nikiushika ukingo wa mashariki na kuuchezea mpaka nyuzi zikawa zinatoka kwa mafungu. Ukaogopa kitatawanyika chote, na mimi nitatawanyika nacho. Nikiwa nimelala ukakaa kwenye cherehani, ukakunja ule ukingo mara mbili, ukaupiga pindo kutoka juu mpaka chini. Hujawahi kushona mshono ulionyooka vile, wala kabla yake wala baada yake. Nesi akaja, akakifunua, akaona. Alikwambia umemfungia mdogo wako nje. Ukamjibu, amekufa, yuko kaburini, hayuko nje wala ndani. Na yeye akakwambia kwamba wewe humwombi mtu radhi ila mezani. Hayo ndiyo maneno yenu ya mwisho niliyoyasikia mkiwa chumba kimoja, mpaka leo.

Mlitaka niseme nani ana haki. Sikusema, na sijutii, kwa sababu nilikuwa nimebakiwa na wawili na kila neno lingenipunguzia mmoja. Lakini mimi ndiye msimulizi wa Kule, na msimulizi hafi na hukumu tumboni, kwa hiyo nisikilizeni.

Nesi mwanangu, kaka yako hakumfungia mtu nje. Alimwona mama yake anavuja, akatafuta mahali pa kuziba. Wewe unafunga vidonda vya watu kila siku, unajua mtu anavyofunga akiwa na hofu, anakaza kupita kiasi. Uliondoka kwa sababu ya pindo, na kaka yako huyu, aliyekuwa hai, ukamwacha na uzi mkononi. Fundi mwanangu, dada yako hajachanganyikiwa. Anajua kaburi lilipo, ndiye anayelipalilia. Alichokuwa anakidai ni kanuni. Pindo halipigwi mpaka tumefika na kukubaliana wote, na mmoja wetu alikuwa ametangulia na jibu lake liko kwenye kiganja. Kifungo kisichowekwa mezani si cheusi. Hiyo ndiyo hukumu yangu. Hakuna mwenye ruhusa ya kukiita cheusi, hata kifo hakina ruhusa hiyo, kwa sababu hakikukaa nasi mezani.

Mimi mwenyewe sikuweza kulifumua lile pindo. Nilishika wembe mara nyingi. Nilikuwa naogopa, wanangu. Niliogopa nikifumua nikakuta hakuna kitu, nyuzi tu, na niliogopa zaidi nikimkuta. Nimempenda yule mtoto mpaka kifua changu kimekuwa kibovu kama chake, na sikuwahi kupoa, msidanganywe na mtu kwamba mama hupoa.

Basi sikieni ninayowaagiza, maana pumzi inakuwa fupi. Kitambaa ni cha Nesi. Kopo la vifungo ni la Fundi. Kimoja bila kingine ni takataka, nimefanya makusudi. Msikigawe kile kitambaa, msinizike nacho, msikiweke ukutani kama picha ya marehemu. Ni cha kuchezea, kikipata mafuta kifueni. Usimulizi nampa Fundi. Aliyefunga ndiye atakayefungua na kutueleza anachokiona. Nesi, wewe ushike kitambaa kikaze, ili wembe usiingie pasipostahili. Mkimaliza kunizika, kabla hamjaanika hata blanketi langu, kaeni kwenye meza ile na mfumue pindo la mashariki, mshono mmoja mmoja, msiburute uzi. Halafu mwendelee pale mlipokuwa. Na watoto wenu wakiuliza bibi kaenda wapi, mnajua cha kuwajibu.

Sogeeni. Wote wawili. Kichwa chako, Nesi, na chako. Mungu awape nyumba yenye kelele. Awape mikono isiyotetemeka, na awape hasira fupi kama ya watu wa milimani. Nimewasamehe hata yale mnayodhani siyajui, mlinzi wa daraja anajua mengi. Nendeni salama popote mtakapokwenda, na mkirudi mrudi pamoja.

Nileteeni kitambaa. Hapa, juu ya miguu yangu, kama siku ile. Mashariki ni upande huu... ndiyo. Pindo lako zuri, Fundi. Lilinipa shida kulichukia.

Hebu tufanye kidogo tu, nikiwa bado nipo. Fundi utanipokea nikichoka.

Mmefika ukingoni. Miezi yote miwili imechomoza, hata ule mvivu. Mbele yenu kuna ukungu, na nyuma ya ukungu... subirini... kuna sauti ya fimbo inagonga jiwe. Kuna mtu amekaa. Ajuza mmoja, mfupi, anakanda magoti yake, ananung'unika kwamba mmechelewa sana. Mkono mmoja anakanda. Mkono mwingine ameufumba. Anawaona. Anaunyoosha ule mkono kwenu, bado ameufumba, anatabasamu.

Mnafanya nini?