Nyumba Iliyoning'inia

Fundi cherehani alisinzia dirishani mwa basi, usingizi wa mtu asiyetaka kupitwa na neno. Kwenye kiti cha mbele yake walikaa wanawake wawili wa chama cha wachoraji. Huko chamani picha hugeuzwa kichwa chini kwanza, ili watu wahukumu rangi tu.

"Dada, waambie wanachama! Picha yako wamesahau kuigeuza tena, wakaisifu, wakaitundika vilevile ukumbini. Nyumba ya mama yako inaning'inia mawinguni!"

"Miaka yote naambiwa 'umejitahidi'. Leo wamejazana mbele yake, mwenzangu. Mwenyekiti kafuta machozi."

"Kwa picha iliyopinduka?"

"Kwa picha yangu."

Basi likasimama. Fundi akachungulia nje. Ndani ya madimbwi ya mvua, nyumba za mtaa mzima zilisimama kichwa chini, na hakuna hata moja iliyokuwa ikianguka.